Carina 5A: kilasi imebadilishwa, alama zote sawa, nguvu hakuna. Jino liko wapi?

#1 MtotoWaHimbi (Goma)
Jambo bakubwa. Niko na Carina Ti, injini 5A-FE, gia za mkono. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Sake, rejeta ikatoboka, na mimi kwa ujinga wangu nikasema nitafika tu. Sikufika. Kilasi ilipasuka katikati ya valvu za silinda ya 2, ufa unaonekana kwa macho.

Nikapata kilasi ya okazyo (iliyokwisha kutumika) iliyotoka Kampala, imekuja na kamshafti zake zote mbili ndani, zile shafti zinazofungua valvu. Mekanisye kaifunga siku mbili, gasketi mpya, mkanda mpya. Sasa gari inawaka, lakini stata inahangaika kwanza. Ralanti (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Ukikanyaga mafuta inakohoa kupitia njia ya hewa, "pfu", halafu inalala. Kupanda kutoka Kituku natumia gia ya kwanza, wenye chukudu za mbao za kusukuma wananipita. Bomba la moshi linawaka moto sana pale linapoanzia.

Mekanisye anaapa alama za taimingi, zile za kupatanisha mkanda na kamshafti, ziko sawa. Nimezitazama mwenyewe, ziko sawa. Kompresheni (msukumo ndani ya silinda) tumepima kwa geji ya kuazima: bari 8, 8, 7.5, 8.

Swali langu: jino la taimingi linaweza kuwa limeruka na alama zikabaki sawa?

#2 Lava_Moto (Goma)
Umebadilisha kalasi? Hongera ndugu, sasa uko darasa la ngapi?

#3 Gerezani_Spea (Dar es Salaam)
Kilasi ndiyo nini jamani? Nimesoma mara mbili.

#4 MtotoWaHimbi
Hahaha. Silinda hedi, kaka. Huku tumeyachukua maneno kutoka kwa Wafaransa: kilasi, buji, ralanti. Ninyi mnasema hedi, plagi, sailensi. Gari ni ile ile, na usukani uko kulia huku barabara yetu ni ya kulia.

#5 Mzee wa Spana (Bukavu)
Mtoto, alama "ziko sawa" ulizitazama lini? Baada ya kufunga mkanda tu, au baada ya kuzungusha krenki (shafti kubwa ya chini inayosukumwa na pistoni) mizunguko miwili kamili kwa spana? Ni vitu viwili tofauti. Mkanda ukiwa umelegea upande ule unaovuta, na boliti ya tenshena, ile inayokaza mkanda, ikakazwa hivyo hivyo, alama zitakudanganya mara ya kwanza. Ukizungusha miwili, ulegevu unahamia upande wa tenshena na kamshafti inarudi nyuma. Hapo ndipo utaona ukweli.

Fanya hivi. Toa buji zote, zungusha kwa spana upande wa saa, usirudishe nyuma hata kidogo. Mizunguko miwili. Kisha tazama.

Jambo la pili, puli ya kamshafti ya hizi injini ina matundu zaidi ya moja. Linalotakiwa ni lile lenye herufi K, ndilo unaloliona likikaa kwenye alama ya kifuniko cha beringi. Nimeona vijana wakiweka tundu la jirani na kuniambia "Papa, iko sawa kabisa".

#6 Gerezani_Spea
Mzee kasema kweli, ila amesahau krenki. Puli ya krenki si chuma kimoja. Ni duara mbili na raba katikati. Raba ikizeeka, duara la nje linateleza na ile alama inahama nalo. Unapanga kamshafti vizuri kabisa na alama ambayo yenyewe imehamia mtaa mwingine. Na ukiweka taa ya taimingi nayo itasoma uongo ule ule, kwa hiyo utaona kila kitu kinakubaliana.

Silinda ya kwanza, toa plagi, tumbukiza waya wa mwavuli au spoki ya baiskeli. Zungusha taratibu. Spoki ikifika juu na kusimama kabla haijaanza kushuka, hapo ndipo juu. Sasa tazama puli inasema nini.

#7 Kisekka_Boy (Kampala)
Nyie mnahangaika na alama wakati hedi imetoka huku kwetu. Naijua biashara hii. Hedi ya 4A, 5A na 7A zikiwa juu ya meza zinafanana kama mapacha, muuzaji anakuandikia chochote unachotaka kusikia. Tatizo lako huenda si jino, ni hedi ya ndugu yake. Mkanda ulinunua wa gari gani? 7A bloku yake ni ndefu zaidi, pistoni inasafiri milimita 85.5, 5A inasafiri 77 tu. Mkanda wake ni mrefu zaidi.

#8 MtotoWaHimbi
Mkanda ni wa 5A, nililinganisha na wa zamani, meno sawa. Gasketi walinipa iliyoandikwa 4A. Muuzaji alisema zinaingiliana.

#9 Kisekka_Boy
Inaingia ndiyo. Tundu la silinda ya 4A ni milimita 81, lako ni 78.7. Gasketi inabaki na ukingo unaoachia nafasi pembeni. Kompresheni inapungua kidogo. Haiui injini lakini haisaidii.

#10 Dereva_wa_Kenya_Plaka (Lubumbashi)
Valvu zimepinda. Nimemaliza. Fungua tena.

#11 Mzee wa Spana
#10 usimtishe mtoto wa watu. Mkanda wa 4A-FE yangu ulikatika katikati ya barabara, nikafunga mwingine pale pale, ikawaka, nikaenda nyumbani. Na kama zingepinda, geji ingeonyesha silinda moja au mbili ziko chini sana. Zake zimeshuka zote kwa pamoja. Kushuka kwa pamoja ni kamshafti iliyochelewa: valvu ya kuingiza hewa inafunga kwa kuchelewa, pistoni inapanda huku hewa inarudi ilikotoka.

#12 Mwalimu_wa_Fizikia (Goma)
Naomba niingie. Wote mnasoma hizo bari 8 kama vile gari iko Dar.

Kitabu cha injini hizi kinataka bari 13 na kitu ikiwa nzima, na mwisho wa chini ni karibu 10. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Goma tuko mita kama 1,500 juu, hewa ya huku ina msukumo wa asilimia 83 au 84 ya ule wa pwani. Injini nzima kabisa hapa Himbi itakupa 11, si 13. Na 8 yako ukiipeleka Dar inakuwa kama 9 na nusu. Iko chini, ndiyo, ila si maiti.

Pili: wakati wa kupima, mguu ulikuwa kwenye mafuta mpaka mwisho? Kama kipepeo cha hewa kilikuwa kimefungwa, injini ilikuwa inavuta hewa kupitia tundu la sindano na geji inasoma chini kwenye silinda zote, kwa pamoja. Kama vile kamshafti imechelewa. Kama vile, lakini sivyo.

#13 MtotoWaHimbi
Mwalimu… mguu haukuwepo. Aliyekaa kwenye kiti alikuwa mtoto wa dada yangu, kazi yake ilikuwa kugeuza ufunguo tu.

#14 Lava_Moto
Thread ya posti 13 kumbe mtoto hakukanyaga mafuta 😂

#15 Shangazi Krenki (Bukavu)
Pole mwanangu. Acha wanaume wabishane na mkanda, mimi nikuulize kitu kingine. Hiyo kilasi ilipofika, mekanisye wako alizitoa kamshafti? Kupima valvu, kubadilisha sili, chochote?

#16 MtotoWaHimbi
Ndiyo Shangazi. Alizitoa zote mbili ili asage valvu. Alizipanga juu ya gunia nje, kwenye yale mawe yetu meusi. Shimu moja, kile kisahani cha kurekebisha nafasi ya valvu, ilidondoka kwenye mawe, tulitafuta saa nzima na sumaku.

#17 Shangazi Krenki
Basi sikiliza. Mkanda unazungusha kamshafti moja tu. Ile ya pili inavutwa na gia ndani ya kifuniko, gia kwa gia. Kwa hiyo puli ya nje inaweza kuwa sawa kabisa na kamshafti ya pili ikawa imekosea jino zima, na huwezi kuona mpaka ufungue kifuniko cha valvu. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, inawezekana.

Na gia hizo zina mtego. Kwanza, moja imetengenezwa kwa vipande viwili na springi katikati, ili meno yasigonge kelele. Kabla ya kutoa kamshafti unatakiwa uifunge kwa boliti ndogo ya milimita 6. Usipoifunga springi inaachia, ukirudisha meno hayakai, watu wanalazimisha kwa nyundo ya mbao. Pili, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, kuna alama za aina mbili kwenye gia. Moja ni ya kufungia kamshafti, nyingine ni ya kuonyesha silinda ya 1 iko juu. Kitabu kinasema ile ya pili usiitumie kufungia. Mekanisye ambaye hana kitabu anaona nukta, anakutanisha nukta na nukta, anafurahi.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini. Gari ya padri.

#18 Gerezani_Spea
Gari ya padri 😂 na ulitubu kwa nani?

#19 Shangazi Krenki
Kwake mwenyewe. Alinipa kitubio cha kuifungua tena bure.

#20 Kasumbalesa_Spoti (Lubumbashi)
Hapo kwa Shangazi sipingi, ila kilasi ilichongwa? Ikichongwa inashuka, umbali wa kamshafti na krenki unapungua, taimingi inachelewa. Huku tunaona sana kwenye kilasi zilizochongwa mara mbili tatu. Mimi nasema ni mashine ya kuchonga.

#21 MtotoWaHimbi
Ilichongwa, ndiyo. Sijui kiasi gani.

#22 Mwalimu_wa_Fizikia
Tufanye hesabu. Puli ya kamshafti tuseme ina upana wa sentimita 12. Ukichonga nusu milimita, kamshafti inarudi nyuma kama nusu digrii, sawa na digrii 1 ya krenki. Jino 1 je? Krenki yenye meno 24: gawa 360 kwa 24, ni digrii 15. Digrii 1 huisikii mguuni. Digrii 15 ndiyo inayokufanya upande Kituku kwa gia ya kwanza. Kasumbalesa, uko sahihi kwa upande wa kuchelewa, ila ni kidogo mno.

#23 Kasumbalesa_Spoti
Mwalimu hesabu yako safi, lakini gari haisomi ubao. Mimi nimeziendesha.

#24 Mwalimu_wa_Fizikia
Sawa mkubwa.

#25 Mama_Ndosho (Goma)
Samahani kuingilia, mimi si mekanisye, ni mwenye gari. Yangu ilikuwa na dalili hizi hizi neno kwa neno baada ya kufunguliwa kilasi. Mkanda ulipangwa mara nne, na mafundi watatu tofauti. Dola zangu zikaisha. Siku moja kijana mdogo akatoa manifodi ya hewa, ile mirija inayoingiza hewa kwenye injini, akavuta kitambaa. Kitenge. Kipande cha kitenge changu mwenyewe nilichowapa wafutie mikono! Waliziba nacho tundu ili uchafu usiingie, wakasahau. Kimekaa ndani wiki sita, kimekuwa cheusi, kimekunjamana kama ulimi.

Tazama kwanza huko.

#26 Lava_Moto
"Kama ulimi" nimeacha chai.

#27 Dereva_wa_Kenya_Plaka
Nyaya za buji je? 1-3-4-2. Ukibadilisha mbili inakohoa hivyo hivyo.

#28 MtotoWaHimbi
Nyaya nimehakiki, 1-3-4-2. Kitambaa hakuna, nimetoa manifodi jana usiku kwa tochi ya simu. Asante Mama Ndosho hata hivyo, nililala kwa amani.

Nimezungusha krenki miwili kama Mzee alivyosema. Tundu la K linakaa kwenye alama. Spoki ya baiskeli nayo inakubali, puli haijateleza. Nimerudia kompresheni, safari hii mtoto kakanyaga mpaka mwisho: 9, 9, 8.5, 9.

Nimefungua kifuniko cha valvu. Naona nukta moja kwenye gia hii, mbili kwenye ile, na nukta nyingine pembeni. Picha nimeituma. Semeni.

#29 Kisekka_Boy
Picha inaonyesha iko sawa.

#30 Gerezani_Spea
Picha inaonyesha imekosea jino moja. Hesabu kutoka nukta mbili kwenda kushoto.

#31 Mzee wa Spana
Picha imepigwa kwa pembeni. Hakuna anayeweza kusema. Piga ukiwa umesimama mbele ya gia, si juu ya betri.

#32 Shangazi Krenki
Mwanangu achana na nukta. Weka silinda ya 1 juu, wakati wa kuwaka, yaani valvu zake zote zimefunga na vikombe vyake unaweza kuvitikisa kwa vidole. Sasa nenda silinda ya 4. Pale valvu za kutoa zinatakiwa ziwe zinamalizia kufunga, na za kuingiza ndiyo zinaanza kufungua. Zinapeana zamu. Nundu za kamshafti zitakuwa zimekaa kama watu wawili wanaopeana mgongo kidogo. Kama upande mmoja tayari umeingia sana na mwingine bado umelala, basi kamshafti hizo hazisikilizani. Hapo huhitaji alama ya mtu yeyote.

Ukiwa hapo pima na nafasi za valvu. Upande wa kuingiza 0.15 hadi 0.25 milimita. Kilasi iliyosagwa valvu inabana, valvu inakaa juu zaidi, nafasi inakwisha, ikipata moto valvu haifungi. Hiyo nayo inashusha kompresheni.

#33 Kasumbalesa_Spoti
Hapo umetaja sababu ya silinda ya 3. Mtaona.

#34 Dereva_wa_Kenya_Plaka
Kuna mtu hapa anauza geji ya vakiyumu? Ya kwangu inasoma inchi 14 za zebaki kwenye ralanti na video zote zinasema 18 hadi 21. Na mimi nimebadilisha hedi mwaka jana. Nimeanza kuogopa.

#35 Mwalimu_wa_Fizikia
Lubumbashi iko mita kama 1,200. Toa inchi 1 kwa kila mita 300 hivi. 18 ya pwani ni 14 kwako. Lala usingizi.

#36 Dereva_wa_Kenya_Plaka
Mwalimu Mungu akupe maisha. Nilikuwa nauza gari.

#37 MtotoWaHimbi
Bakubwa, ripoti.

Nimemwita mekanisye, nikamwonyesha silinda ya 4 kama Shangazi alivyoeleza. Upande wa kutoa ulikuwa unamalizia kufunga, wa kuingiza bado umelala. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema "kumbe". Tumeweka boliti ya 6, tumetoa kamshafti moja, tumesogeza jino moja, tumefunga. Shimu mbili za silinda ya 3 zilikuwa zimebana, nimezibadilisha. Disi (ile inayogawa moto kwa buji) tulikuwa tumeilegeza, nayo tumeipanga upya kwa taa, waya kati ya matundu ya TE1 na E1 ya plagi ya kupimia, digrii 10. Na mpira mdogo unaokwenda kwenye sensa ya vakiyumu ulikuwa na ufa, nimeukata mwisho nikaurudisha.

Sasa: 10.5, 10.5, 9.5, 10.5. Inawaka kwa mguso mmoja. Kituku napanda kwa gia ya tatu. Ralanti imetulia, ila bado inakohoa mara moja moja ikiwa ya baridi asubuhi.

#38 Shangazi Krenki
Haya. Msalimie mekanisye wako, mwambie "kumbe" ni neno la mtu mkubwa.

#39 Kisekka_Boy
Mpira wa sensa. Niliwaambia si jino.

#40 Gerezani_Spea
Wewe ulisema hedi ya 7A.

#41 Kisekka_Boy
Nilisema pia mengine moyoni.

#42 Mwalimu_wa_Fizikia
MtotoWaHimbi, umefanya jambo moja baya sana. Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo: jino, shimu, disi na mpira. Kompresheni iliyopanda ni ya jino na shimu, disi na mpira haviingii hapo. Lakini kukohoa kulikopungua ni kwa nani? Mpira wenye ufa peke yake ungeweza kukuharibia mchanganyiko. Disi peke yake pia. Hatutajua kamwe.

#43 Kasumbalesa_Spoti
Na silinda ya 3 bado iko chini kwa bari nzima. Hilo jino halielezi. Gasketi ya 4A au kuchongwa vibaya, chagua.

#44 Mzee wa Spana
Au valvu haijasagwa vizuri. Tia mafuta ya injini kijiko kimoja kwenye tundu la buji la 3, pima tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Endesha kilomita 500 kwanza, valvu zikae, halafu pima. Na kohozi la asubuhi usilifanyie kitu bado.

#45 Mama_Ndosho
Mimi nasema atazame tena kwenye manifodi.

#46 Lava_Moto
Mama, kitenge kimoja kinatosha kwa uzi mmoja.

#47 MtotoWaHimbi
Geji nimeirudisha kwa mwenyewe, yuko Birere, anaikodisha kwa siku. Jumamosi naichukua tena, na kijiko cha mafuta. Mtoto wa dada naye nimemlipa soda mbili, anasema sasa yeye ni fundi wa kompresheni.